Jina la Mayai ya Mwasiti

Aliyemwambia Mwasiti kwanza habari hii ni shangazi yake, Zamda, chura mwenye sauti kali kuliko wote wa upande wa matete.

"Katika shimo hili la wafyatua matofali tunaishi na binamu zetu wa tope. Tunafanana, tunasalimiana, tunazikana. Lakini kuoana hapana, mwanangu. Mayai ya mchanganyiko huoza."

Mvua ya kwanza ikanyesha alasiri, shimo likajaa kelele. Mwasiti, tumbo zito kwa mayai, alipoingia majini tu, mikono ikamkumbata kwa nyuma. Alikuwa Mkwabi, kijana wa tope.

"Tulia, mke wangu."

"Mke wako nani? Mimi si wa kwenu!"

"Kila mmoja husema hivyo."

Mwasiti akapiga mateke, akazama, akaibuka. Mikono haikulegea. Kingo za shimo zilikuwa wima, zinateleza. Na mayai yalisukuma kutoka. Akitaga pale, yote yamepotea.

Zamda akapaza sauti toka kwenye matete: "Lia mlio wa kukataa! Hivi: krii, krii!" Mwasiti akalia. Mikono ikalegea kidogo, akapata pumzi, ila hakuachiwa.

Ndipo akaja Bi Tabu, bibi yake Mkwabi, ambaye pua yake haijawahi kudanganyika. "We Mkwabi! Nusa kwanza! Huyu ananuka majani. Unataka kunizalia vitukuu vya kuoza?" Mkwabi akanusa, akaona haya, akaachia.

Lakini Mwasiti aende wapi kumpata dume wa kwao? Korongo alikuwa ametua ukingoni, na madume wote waliokuwa wakiita majike wakanyamaza kwa hofu. Chande wa matete peke yake aliendelea kuita, kwa mwito mrefu wa watu wa matete, huku mdomo wa korongo ukimtafuta. Mwasiti akaifuata sauti hadi kwake.

Asubuhi iliyofuata Mwasiti alibandika mayai yake kwenye tete, mazima yote. Desturi ya shimo lile ni kwamba mayai hupewa jina kabla jua halijagusa maji, na mtoa jina, anayechaguliwa na mama, ndiye mlezi wa viluwiluwi.

"Bila mlio wangu angekufa kwa kukosa pumzi," akasema Zamda.

"Mlio ulilegeza," akajibu Bi Tabu. "Pua ndiyo iliyofungua."

"Na angefunguliwa aende kwa nani?" akauliza Chande.

Wote watatu wakamgeukia Mwasiti.

Nanyi mnaosikiliza, jua limeshafika ukingoni. Mngekuwa nyinyi, jina mngempa nani alitoe?