Shekuwe na Nyoka Asiyekuwepo

Hii nimeletewa na shangazi yangu. Isome mpaka mwisho, hata kama chai inapoa.

Sultani mmoja alichoshwa na kasumba, ule ulevi uliokuwa ukiwalaza watu wake mchana kutwa. Akatoa sheria kali: atakayekutwa ameitumia, na atakayekutwa naye, wote gerezani.

Siku moja Mbarouk akazidisha. Akalala fofofo, akakoroma kwa shida, kisha hata kukoroma kukakoma. Rafiki yake Shekuwe, waliyekuwa wakivuta pamoja, akaogopa kumzika mwenzake na akaogopa gereza. Akambeba mgongoni mbio mpaka kwa mganga, Bi Zuwena.

"Ana nini huyu?"

"Kaumwa na nyoka, bibi."

Bi Zuwena akamfunga mguu kwa kamba, akatafuta jeraha. Hakuna.

"Kaumwa wapi?"

"Labda ule mwingine."

Ukafungwa na wa pili. Mbarouk akawa kama kuku wa sokoni, na midomo yake inazidi kuwa myeusi.

"Au ni jini," Shekuwe akaongeza.

Ukaletwa ubani. Mtu hana pumzi, anafukizwa moshi!

"Mwanangu," Bi Zuwena akafoka, "mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu ananifia mikononi. Sema!"

Shekuwe akamtazama rafiki yake, machozi yakamtoka. "Ni kasumba, bibi! Tulikuwa wote. Mimi nifungwe, lakini yeye mwokoe."

Bi Zuwena akatupa nje chetezo cha ubani, akampulizia Mbarouk pumzi kinywani, akapuliza mpaka ushungi ukamvuka kichwani. Mwishowe Mbarouk akakohoa, akafumbua macho, akauliza nani kamfunga miguu.

Lakini askari aliyekuwa akipita alishasikia. Shekuwe akafikishwa barazani.

"Kwa nini ulisema nyoka?" Sultani akauliza.

"Nyoka hana gereza, Mtukufu."

Sultani akamgeukia waziri wake. "Tangu nitoe sheria hii, kila wiki naletewa habari ya mtu kafa kwa nyoka. Wale wawinda nyoka niliowaajiri wamekamata wangapi?"

"Mjusi mmoja, Mtukufu."

Sultani akajishika kichwa. "Kumbe nyoka mwenyewe ni sheria yangu!"

Akaibadili palepale: anayemkimbiza mgonjwa wa kasumba kwa mganga asikamatwe, wala mgonjwa mwenyewe. Shekuwe akaachiwa huru. Na tangu wiki ile, nyoka wakaacha kuua watu.

Funzo: Ukimwadhibu anayepiga yowe la msaada, kesho hutasikia yowe, utasikia msiba.