Kisu cha Mbelwa na Kilima

Sogeeni, wanangu, nami niwape ngano. Mhunzi Mbelwa alifua kisu, akaenda na mkewe Mkunde kukijaribu porini. Jioni wakapiga kambi juu ya kilima.

Mbelwa akakata gogo la mpingo. Kacha! Kisu kizima.

"Kinatosha," akasema Mkunde.

"Bado."

Akakata mfupa wa nyati. Kacha! Kisu kizima.

"Kinatosha, mume wangu. Ardhi hii ina joto, nami naogopa."

"Bado."

Akapiga jiwe lililochomoza pale walipoketi. Kacha! Jiwe likavuja damu. Kilima kikavuta pumzi, na sauti ikauliza kutoka chini, "Nani ananikata?"

Mkunde akamziba mumewe mdomo, lakini sifa zilishamponyoka: "Mimi, Mbelwa mhunzi!"

Wakakimbia hadi kwao, wakajifungia. Kulipokucha Mkunde akafungua dirisha, lakini jua halikuingia. Juu ya shamba lao la mihogo kilikuwa kimekaa kilima, kikihema taratibu.

"Mbelwa," kikaita, "kilete kisu. Sasa ni zamu yangu kukijaribu."

Mkunde akamng'ang'ania, lakini miguu ya Mbelwa ilikwenda yenyewe hadi nje, kisu mkononi. Mara jua likaingia dirishani. Mihogo ilisimama kama jana, na Mbelwa hakuonekana tena.

Ngano yangu imetua hapo. Fungeni mlango, tulale.