Boga la Bi Mwanakombo na Pupa ya Fisi

Paukwa!
"Pakawa!"
Pakawa nini?
"Chungu motoni!"
Na mlaji?
"Anawe mikono!"

Hapo kale, mwaka wa kiangazi, paliondokea bibi akiitwa Mwanakombo. Shambani alibakiwa na boga moja, kubwa kama mtungi. Bandani alikuwa na mbuzi mmoja, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomlea mjukuu wake mchanga, yatima wa mama.

Fisi akaja. "Bibi, nataka mbuzi."

"Mbuzi hupati. Nitakulisha boga."

"Boga ni boga tu! Haya, nilishe mara tatu. Ladha ikijirudia, mbuzi wangu. Isipojirudia, sikanyagi hapa tena."

"Na mwamuzi?"

"Mimi mlaji!"

Mwanakombo akamtazama mjukuu wake, akamhofia. Lakini jikoni ndiko alikokulia. Akasema, "Njoo kesho, na njaa yako."

Akachuma majani machanga ya boga, akayamenya nyuzi, akayaunga kwa karanga za kutwanga. Fisi akala, akaramba chungu. "Tamu! Mbili bado."

Siku ya pili akalikata boga kifuniko, akachota mbegu, akazikaanga kwa chumvi. Fisi akatafuna, karu, karu, karu! "Tamu! Moja bado."

Akaenda zake akinong'ona, "Kesho hata akinipa asali, nitasema ladha ni ile ile."

Mwanakombo akamsikia. Hakulia, hakukimbia. "Yeye ana mdomo," akasema, "mimi nina mikono."

Siku ya tatu akalijaza boga asali na maziwa, akarudisha kifuniko, akalifukia kwenye makaa mpaka likaiva. Akalitoa, akalifuta majivu. Harufu ikamfikia Fisi mwituni, akaja mbio.

"Lete!"

"Subiri, Fisi. Nje limepoa, ndani linachemka."

"Lete!"

"Subiri, nakwambia."

"Lete!"

Akapachika kichwa bogani, akabugia, akameza. Lo! Koo likaungua. Akataka kutamka, "Ladha ni ile ile!" Ikatoka, "Uuuu-wip!" Akajaribu tena, "Uuuu-wip!" Mara ya tatu, "Uuuu-wip!"

"Sikusikia ukisema ladha imejirudia," akasema Mwanakombo. "Basi nimeshinda. Nenda."

Fisi akashika njia, na sauti hiyo anayo hadi leo. Mwanakombo akampulizia mjukuu wake kijiko cha boga lililobaki, akamlisha taratibu.

Boga moja si chakula kimoja, na mwenye pupa hadiriki kula tamu yake.

Hadithi yangu imeiva. Nyama yake gawaneni, ukoko niachieni mimi, maana tangu jioni nasema na hakuna aliyenipa hata mbegu.