Mfereji wa Mama Navoneiwa

Maji hayaulizwi njia, hufuatwa.

Maneno hayo tuliyasikia kwa Babu Zefania, baada ya mazoezi ya kwaya. Niendiwe, mwenzetu wa sauti ya kwanza, alikuwa ametuambia kwamba ameitwa chuo cha uinjilisti, lakini hajibu barua mpaka Mungu amwonyeshe atapangiwa kijiji gani, atakula nini huko na ataolewa na nani. Babu alikuwa anapanga vitabu vya nyimbo kabatini. Akayasema maneno hayo manne bila hata kugeuka, akaendelea na vitabu.

Tukamwambia, babu, mtu hatupiwi methali mgongoni namna hiyo kama ganda la ndizi. Imetoka wapi? Akafunga kabati, akakaa kwenye benchi la sauti ya nne, akatusimulia. Chanzo chake ni hiki.

Miaka hiyo, hapa Mkoreni kulikuwa na kila kitu cha kumsifia Mungu, isipokuwa maji ya kunawa uso kabla ya kumsifu. Kanisa lilikuwepo, kengele ilikuwepo, kwaya ilikuwepo. Maji yalikuwa bondeni, mwendo wa saa mbili kushuka na tatu kupanda. Watu walichoka. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali, wazee wakakubaliana kwamba mvua za vuli zisiwakute mlimani: kijiji kizima kihamie tambarare, na kanisa waachiwe popo.

Jumapili iliyofuata Mama Navoneiwa akasimama kanisani. Alikuwa mjane, mfupi, sauti ndogo. Alisema Mungu ameweka jambo moyoni mwake nalo halimpi usingizi: ile chemchemi iliyo juu ya mlima, ng'ambo ya korongo, iletwe mpaka kanisani kwa mfereji. Akaenda mbele ya madhabahu, akaahidi kwamba ataichimbia njia mpaka ifike. Kwa kuwa vuli ilikuwa bado miezi miwili, wazee wakampa miezi hiyo miwili. Kumpa mtu muda hakugharimu kitu.

Mwanzoni watu walikwenda wengi. Tatizo lilikuwa namna yake ya kuchimba, ambayo alijifunza kwa baba mkwe wake. Hakuwa na kamba wala kigingi. Kila asubuhi aliomba, kisha akafungulia maji kidogo yaingie kwenye kipande kilichochimbwa jana. Yakikimbia, alisema, "Tumeshuka mno." Yakisimama, alisema, "Tumepanda." Yakitembea taratibu kama mama mjamzito anayetoka sokoni, alisema, "Hapo sasa," na wakachimba hatua chache kufuata yalikoelekea.

Na yalielekea wapi? Kushoto. Kanisa liko kulia. Wiki ya kwanza, kushoto. Wiki ya pili, kushoto zaidi. Mwisho wa wiki ya tatu mfereji ulikuwa umezunguka bega la mlima, umelipa kanisa kisogo, unakwenda kama unaokwenda kuwasalimia wakwe kijiji cha jirani.

Hapo ndipo alipotokea mjuaji mmoja, mwalimu wa kwaya, kijana aliyesoma mpaka darasa la nane na hakumruhusu mtu yeyote asahau.

"Nani huyo, babu?" tukauliza.

"Mimi," akasema Babu Zefania. "Mlidhani nani?"

Zefania alisimama kwenye chemchemi, akanyoosha kidole kuelekea kanisani. "Jamani, si lile pale? Bati linawaka jua! Mwenye macho anachimba wapi?" Wanaume thelathini wakaona anasema kweli. Wakaacha ule mfereji wa kushoto, wakachimba wa kwao, umenyooka kama rula, ukishuka korongoni na kupanda ng'ambo ya pili. Mwezi mzima. Siku ya kufungulia maji, kwaya iliimba. Maji yakateremka kwa furaha mpaka chini ya korongo, yakafika penye mwinuko, yakakaa. Wanaume wakayasimamia. Wako walioyahimiza kwa mipini ya majembe kama ng'ombe aliyegoma. Maji hayakuinuka.

Wakaweka majembe begani, wakarudi nyumbani kung'oa milango. Mtu wa kwetu akihama haachi mlango wake. Mbao ni ghali kuliko ukuta.

Muda wote huo Mama Navoneiwa alikuwa nyuma ya mlima na mtu mmoja tu, Mzee Mbonea, mpiga kengele wa kanisa. Sikio lake moja lilikuwa limekufa kwa kazi hiyo, kwa hiyo kejeli za watu zilimfikia nusu. Wawili hao walichimba mpaka wakakutana na mwamba. Si jiwe la kuviringisha. Mwamba, mkubwa kama nyumba, umelala palepale maji yalipotaka kupita. Mtaimbo ulilia ukapinda ncha. Siku nne maji yalisimama mbele ya mwamba huo.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi. Wazee wakamtuma Zefania. Akapanda na shati lake jeupe la kuongozea kwaya, akamkuta mama ameketi juu ya mwamba, miguu udongo mtupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja na jembe au na maneno?"

"Na maneno, mama."

"Basi yatue. Umeyabeba kutoka mbali."

Zefania akakohoa. "Mama, inatosha. Familia sita zimeshang'oa milango. Kesho baada ya ibada wazee wanatangaza siku ya kuhama. Ukisimama wewe mwenyewe useme imeshindikana, watu wataondoka na amani."

"Na ahadi yangu?"

"Mungu anaona umejitahidi."

"Kumbe siku hizi wewe ndiye unayempelekea Mungu ripoti."

Zefania akainama, kisha akauliza lile lililokuwa likimkera tangu wiki ya kwanza. "Mama, kutoka hapa hata paa la kanisa halionekani. Unajuaje kwamba hii ndiyo njia?"

"Sijui."

Alikuwa amejiandaa kwa majibu yote isipokuwa hilo. "Hujui? Si ulisema Mungu amekuonyesha?"

"Alinionyesha chemchemi, na hatua ya kwanza. Mwamba huu angenionyesha siku ile, na wewe umesimama mbele yake na hilo shati, mwanangu, nisingetoka kitandani. Kila asubuhi naomba hatua moja, napewa moja. Tangu Jumatano sijapewa. Kwa hiyo niko hapa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yapite, au vuli inikute nimekaa. Mimi sikuahidi kufika mwambani. Niliahidi kufika kanisani."

Mzee Mbonea akaleta sikio lake zima. "Anasemaje huyu?"

"Anasema tuache."

"Mwambie ashike chepe."

Zefania akatazama yale maji yaliyotulia. Akayakumbuka ya kwake kule korongoni, yaliyokufa katika njia aliyoiona yote, mwanzo mpaka mwisho, tangu siku ya kwanza. Akakunja mikono ya shati.

"Tufanye nini, mama?"

"Hatuwezi kuyasukuma, wala mwamba hatuwezi kuubomoa. Tuyazuie tu yasikimbilie bondeni. Yajae. Yenyewe yatatuambia."

Wakakata mabonge ya udongo yenye majani, wakapiga ukingo upande wa bondeni mpaka jua likazama. Shati halikuwa jeupe tena, na halikurudi kuwa jeupe mpaka leo.

Jumapili kulipopambazuka Zefania alikuwa wa kwanza kupanda. Maji yalikuwa yamejaa usiku kucha, yamefika kifuani mwa mwamba. Na pale mwamba unapoegemea mlima, ndani ya magugu ambayo wote watatu walikuwa wameyapita bila kuyajali, palikuwa na ufa wa upana wa mtu. Maji yalikuwa yanapita humo, taratibu, mwendo uleule wa mama mjamzito. Ng'ambo ya pili yalikuwa yanakata kulia.

Alishuka mbio. Aliingia kanisani mzee wa kanisa akiwa anafungua kinywa kutangaza siku ya kuhama. Kwaya yake mwenyewe ilimcheka kwa lile tope.

"Yamepita!" akasema. "Maji yamepita mwambani! Nahitaji majembe."

Mzee wa kanisa hakuwa mtu wa kukurupuka. Alishachimbishwa mwezi mzima na kidole cha kijana huyuhuyu. "Sawa, mwalimu. Safari hii tuonyeshe kwanza. Kutoka kwenye huo mwamba yanapita wapi? Zimebaki hatua ngapi?"

Kanisa zima likamgeukia. Yule kijana wa darasa la nane, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akasimama katikati ya mabenchi. Halafu akasema, "Sijui, mzee. Maji hayaulizwi njia, hufuatwa."

Aliyeinuka kwanza alikuwa mtu aliyeng'oa mlango wa nyumba yake siku mbili kabla. Wakamfuata wengine. Wakachimba nyuma ya Mama Navoneiwa, asubuhi hatua, jioni hatua, hakuna aliyenyoosha kidole. Siku ya kumi na mbili maji yalitokea nyuma ya kanisa, upande ambao hakuna mtu aliyewahi kuutegemea. Familia zote sita zilirudisha milango, na mtu mmoja kwa haraka yake akaupachika wake juu chini. Kijiji hakikuhama.

Wakamwomba mama atoe neno la kufunga kazi. Akasema, "Kazi gani imefungwa? Mfereji usiposafishwa kila Jumamosi, kufika masika utakuwa umekufa. Nani anakuja Jumamosi?" Akahesabu mikono, akaketi. Alisafisha Jumamosi zote alizobakiwa nazo duniani.

Babu Zefania aliinuka benchini kwa kujisukuma na magoti. "Wajukuu zangu," akasema, "mtu anayetaka aonyeshwe safari nzima ndipo ainue mguu, huyo hamngojei Mungu. Anamfanyia usaili. Mungu hakuomba kazi kwenu. Inueni mguu, na kesho asubuhi muinue tena, hata kama leo mmekutana na mwamba. Maji hayaulizwi njia, hufuatwa."