Zamzamu na Nyumba Mbili za Darimani

Mji wa Darimani, uliozungukwa na ukuta wa mawe mekundu, ulitawaliwa zamani na Sultani Ghalibu bin Shahbali, mtu wa haiba na insafu, na katika mji huo alikaa binti mtia rangi nguo aitwaye Zamzamu, asiye na mtu duniani ila mama yake, Bi Sikujua, mgonjwa wa miguu. Walikaa nyumba za kupanga, na popote walipohamia hawakumaliza mwaka, kwani wenye nyumba walichoshwa na harufu ya nili na maji ya buluu yaliyotiririka mlangoni.

Ikawa Zamzamu akaitia rangi bendera ya Sultani, ikatoka buluu ambayo wageni wa barazani waliidhania kipande cha mbingu, na Sultani akamtunza mfuko wa dhahabu uliotosha kununua nyumba moja, wala si mbili. Akarudi mbio, akasema, "Mama, hatufukuzwi tena!"

Alikuwapo tajiri aitwaye Kabusi, mwenye pete ya shaba ambayo kwayo, kama mji mzima ulivyojua, alimfunga jini Sharkasi, na jini huyo alimwinulia nyumba mpya za kuuza, kila moja baina ya alfajiri na adhuhuri. Kabusi akawaingiza katika moja, akawaonyesha sakafu za marumaru, na dari zilizonakishiwa, na birika uani lililorusha maji juu. Bi Sikujua akapapasa ukuta.

"Mwanangu, hapana hata ufa! Wala hapana ngazi za kunitesa."

"Nyumba mpya, bibi," akasema Kabusi, "haina madhila ya watu waliotangulia."

Siku ya pili wakaenda mtaa wa wafua shaba, kwenye nyumba ya miaka mia iliyouzwa na Muradi, mwashi kijana aliyeirithi kwa babu yake, naye badala ya kuisifu akawaonyesha ubovu wake.

"Hapa panavuja mvua ikiwa ya upepo. Boriti hii imeliwa na mchwa. Ukuta huu una ufa, ila umesimama hivyo tangu babu hajaoa. Na mama atalala chumba cha chini, asipande."

Hapo ngazi ikaguna, na chini yake akatoka jini wa kike, kizee aliyejitanda kaniki.

"Mbona mimi hunitaji, Muradi? Na mimi ni ubovu wa nyumba."

Bi Sikujua akapiga ukelele, lakini Zamzamu akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mimi sidhuru mtu, mwanangu. Napiga kelele tu nikiamshwa."

Zamzamu akarudi amegawanyika moyo, kwa maana mama yake aliitaka ile mpya, naye hakutaka kumnyima starehe. Mwisho akasema, "Mama, sisi riziki yetu ni maji. Nitayajaribu ya kote kuwili."

Akachota maji kisimani kwa Muradi, akakoroga nili, na nguo ikatoka buluu iliyokolea. Akaenda kwa Kabusi, akatumbukiza nguo birikani, akaitoa, na tazama, ilikuwa kavu! Akaitumbukiza tena, ikatoka kavu vilevile. Alipogeuka akamwona Sharkasi mlangoni, kainamisha kichwa kwa haya, akafahamu kwamba nyumba ile ilikuwa kiini macho.

Basi akainunua nyumba kuukuu, na mji mzima ukamcheka. Lakini aliposikia kwamba Sultani naye amemnunulia bintiye kasri iliyojengwa na Kabusi mbele ya baraza, ili aolewe humo, hakuweza kukaa kimya.

"Nyamaza, mwanangu," mama akamsihi. "Tutaipoteza hata hii."

"Watu watalala humo, mama, na paa halipo."

Akaenda barazani, akasema yote. Kabusi, aliyekuwapo hapo, akaruka, "Maulana, huyu ni hasidi!"

Sultani akasema, "Ewe binti, ukiwa umesema uongo, nyumba yako itatwaliwa, nawe na mama yako mtatoka mjini. Wasemaje?"

Zamzamu akamnyooshea Kabusi kidole. "Labeka, maulana. Nasema avue pete."

Kabusi akakataa, na askari wakamshika wakaivua kwa nguvu. Mara ile kasri iliyoelekea baraza ikatikisika kama mvuke wa chungu, ikatoweka, pakabaki uwanja mtupu na mbuzi wawili wakila majani. Sharkasi akasimama huru, akanguruma, "Maulana, nilimwomba siku za kuchimba msingi, akaninyima. Alitaka haraka, nikampa moshi!"

Sultani akaamuru kila mnunuzi arudishiwe mali yake, na Kabusi akapelekwa kubeba mawe ya ukuta wa mji. Sharkasi akamsujudia Zamzamu. "Nikujengee kasri gani, bibi yangu?"

"Nitengenezee dari," akacheka, "kwa boriti za kweli, wala usiharakishe."

Jini akafanya kazi siku arubaini pamoja na Muradi, wakigombania chokaa toka asubuhi mpaka jioni, na Zamzamu akiwapelekea kahawa, na kila siku akikawia zaidi kando ya Muradi, hata Bi Sikujua akauliza, "Huyu fundi anatengeneza dari au anatafuta mke?" Muradi akakiri mbele ya watu wote kwamba anatafuta mke. Sultani akawaozesha kwa harusi ya siku saba, akamfanya Zamzamu mkaguzi wa nyumba zote za Darimani, na nili yake ikanunuliwa hata miji ya mbali, akatajirika.

Na mwenye kununua nyumba, ikiwa mpya au kuukuu, amtake muuzaji ataje ubovu wake, na akiambiwa hauna, avae viatu vyake aondoke. Hadithi imekoma, aliyeipenda amsimulie mwenziwe.