Santuri Moja ya Kujaribia

Gramafoni aliyoipenda Bi Mwanaheri iliuzwa shilingi mia, naye pindoni mwa kanga alikuwa na arobaini tu. Mwenye duka, Bwana Nasibu, alikuwa bahili hata wa santuri: anayetaka kujaribu gramafoni alitakiwa kuja na santuri yake.

Ijumaa, duka limejaa wateja, Bi Mwanaheri alifika na yake ndani ya jalada jipya. Sindano ilipoigusa, ikakwaruza kama mtu anayekwangua ukoko.

"Bwana Nasibu, hii nzima kweli?"

"Mbovu santuri yako, bibi."

"Basi weka yako tusikie."

"Nije niharibiwe santuri yangu?"

"Kumbe inaharibu," Bi Mwanaheri alisema taratibu.

Wateja wakatazamana. Wawili wakatoka.

"Una kiasi gani?" Bwana Nasibu alimnong'oneza.

"Arobaini. Na hapo nakuonea huruma."

"Ichukue. Usiseme umeitoa kwangu."

Nyumbani, Bi Mwanaheri alitoa santuri nyingine, taarabu ikajaa nyumba nzima. Ile ya kwanza, aliyoisugua asubuhi yote kwa mchanga wa kusugulia masufuria, akaifunikia mtungi.