Chui Aliyezuia Harusi

Chui wa simu humrarua aliyemtuma. Asubuhi hii mwenzenu Mhina ametuma picha ya mamba ndani ya tangi la maji, nusu ya kijiji ikakaa na kiu mpaka adhuhuri, na mama yake akamchapa kwa usemi huo badala ya fimbo. Sasa mnaniuliza umetoka wapi. Umetoka hapa hapa Kwamtambo, wala sitaki mtu mwingine awasimulie, maana atanipunguzia sifa. Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, mjinga kamili, wa kanzu na kofia.

Mpwa wangu Hiza alikuwa anamwoa Mwanahija, binti wa Mzee Mbelwa wa Kwemsala, ng'ambo ya shamba la mkonge. Mimi ndiye nilikuwa mshenga. Nilipeleka posa, nikapeleka mahari, nikarudi na maneno makali ya Mzee Mbelwa, kwa kuwa mzee yule alisema watu wa upande wetu ni wazito wa miguu na wepesi wa midomo. Mwisho alikubali kwa sharti moja, akanitamkia mbele ya mashahidi. Siku ya ndoa bwana harusi aje kwa miguu na ngoma, akatize katikati ya mkonge kama walivyofanya baba zake, na awe ameingia uani kabla ya adhana ya alasiri. Akichelewa, mahari irudi na binti abaki. Nikaitikia kwa niaba ya ukoo mzima. Kutoka kwetu hadi kwao ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja, nani angechelewa?

Kamati ya harusi ilikuwa na kundi lake simuni, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Siku hizo simu za kugusa ndiyo kwanza zimetuingia mikononi, tunazishika kama mtu aliyepewa mtoto wa watu.

Asubuhi ya harusi, nikiwa nakunywa chai, picha ikaniingilia. Chui amelala barabarani, amekodoa macho, na chini yake maneno: "Ameonekana mashambani. Jihadharini." Aliyenitumia alitumiwa, na aliyemtumia naye alitumiwa. Mashamba gani, haikuandikwa. Nyuma ya chui kulikuwa na safu ya misonobari, mti ambao huku kwetu hata wa kuomba kivuli hamna, lakini mimi nilitazama meno tu. Sasa, chui asiye na mahali hamtishi mtu, kwa hiyo nikampa mahali. Nikaandika, "Yuko kwenye mkonge wetu," nikamtuma kundini.

Kwa nini? Niulizeni, maana shule yenyewe iko hapo. Nilitaka kuwa wa kwanza. Kuokoa ukoo mzima ukiwa umekaa kitini, kikombe mkononi, ni utamu ambao asali haiufikii. Na nia yangu ilikuwa njema, wallahi. Uongo wa wanyama hauna miguu ya kwenda mbali. Hubebwa mgongoni na watu wenye nia njema kama mimi.

Basi wakapokezana. Mmoja akaandika kwamba chui ni jike na ana watoto. Mwingine akaandika kwamba amekula mbuzi wa Mzee Kidundo. Mzee Kidundo alikuwemo kundini na maishani mwake hakufuga hata kuku, lakini watu walimmiminia pole mpaka akajibu, "Ahsanteni sana, ndiyo mapenzi ya Mungu." Nilipomuuliza baadaye alisema pole ikitolewa haikataliwi, na kwamba kufikia saa nne alikuwa ameanza kumkumbuka yule mbuzi. Hiza peke yake ndiye aliyeuliza ni nani amemwona chui kwa macho yake. Walimvamia wote. Anafanyia mzaha roho za watu? Anataka tuzike kwanza ndipo aamini? Mimi mwenyekiti nikamwambia anyamaze, bwana harusi hana kauli. Na ndivyo inavyokuwa mpaka leo, wanangu: anayetisha huonekana ana huruma, anayeuliza huonekana hana utu. Ndiyo maana waulizaji ni wachache na watishaji hawaishi.

Kabla ya adhuhuri habari ikanirudia kutoka kwa shemeji yangu wa mjini. Chui wawili Kwamtambo, mbuzi saba wameliwa, na askari wa wanyamapori wamekataza watu kutoka nje. Ulikuwa ni uongo wangu mwenyewe umerudi nyumbani, umenenepa, umevaa kanzu, nami sikuutambua. Nikainuka nikaupisha kiti. Nikasema moyoni, kumbe ni kweli, hata mjini wanajua.

Tulitoka na ngoma mpaka ukingoni mwa mkonge, na pale ngoma ikafa yenyewe. Wanaume wazima, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinakata, tumesimama tunatazama mimea. Kila mmoja alimpisha mwenzake kwa adabu ambayo sijaiona tena tangu siku ile. Nikainua mkono nikatangaza kwamba mimi mshenga siwezi kumpeleka mtoto wa dada yangu kinywani mwa mnyama. Tungoje hao askari. Hiza akakunja kanzu yake aingie peke yake. Tukamshika.

"Mjomba, niache," akasema. "Afadhali chui anikute njiani kuliko Mzee Mbelwa asinikute uani."

Hatukumwachia. Jua likapinda, vivuli vikarefuka, na kijana yule akaanza kulia bila kuficha uso. Nami hapo bado nilijiona mwenye busara.

Ndipo mkonge ukatikisika. Nawaambia kweli, kundi lile lilirudi nyuma kama mtu mmoja, na mbele ya wanaorudi nyuma nilikuwa mimi. Kikasikika kigelegele. Akatokeza Mwanahija, bi harusi mwenyewe, aliyepaswa kuwa amefichwa ndani hata jua lisimwone. Hina mikononi, gauni limekunjwa magotini na kuchanwa na miba. Nyuma yake shangazi yake, Bi Chambo, alikuwa analia kwa aibu, na wanawake wengine wanapiga sinia.

"Shikamoo, mjomba," akasema.

Nikairuka marahaba. Nikamuuliza tangu lini bi harusi akatoka kumfuata mume, na hao chui amewapitia wapi.

"Tumesikia ngoma yenu imekufa, tukakatiza katikati. Miba tumeikuta, chui hatujamkuta."

"Picha yake tunayo," nikasema, nikamwinulia simu. "Kundi zima wanayo."

"Na yangu je? Si ndiyo ile mliyoweka kwenye kadi?"

Nikakubali kwamba ipo.

"Basi kama picha ya chui inatosha kuwauma, picha yangu inatosha kuolewa. Rudini nyumbani, mjomba, mkaiozeshe hiyo simu."

Wa kwanza kucheka alikuwa Hiza, machozi bado yako mashavuni. Alijinasua mikononi mwetu akaingia mkongeni akimfuata Mwanahija, aliyekwisha kugeuka kurudi. Bi Chambo akalalamika kwamba Mzee Mbelwa atawachuna ngozi wote. Mwanahija akamjibu bila kugeuka kwamba baba alitaka bwana harusi afike kabla ya alasiri. Hakusema asifuatwe njiani. Ngoma ikafufuka. Nasi mashujaa tukafuata nyuma ya wanawake, tukijifanya tunalinda mkia wa msafara.

Hiza alikanyaga uani kwa Mzee Mbelwa wakati muadhini anakohoa kwenye kipaza sauti. Mzee alitazama gauni la bintiye lililochanika, akatutazama sisi na kanzu zetu zisizo na doa, akatikisa kichwa muda mrefu. Lakini sharti lilikuwa limetimia, na ndoa ikafungwa.

Baada ya pilau, Mzee Mbelwa akauliza chui huyo alianzia wapi. Kila mtu alifungua simu akamnyooshea kidole aliyemtumia, naye akamnyooshea wake, vidole vikatembea ukumbi mzima mpaka vikanikuta mimi na mfupa mkononi. Sikukubali kushindwa. Nikasimama kama mwenyekiti, nikasema tahadhari haijawahi kumuua mtu, nilituma kwa wema, na kesho nikipata nyingine nitatuma tena.

"Tena hebu semeni wenyewe," nikamalizia. "Ndoa imefungwa, pilau tumekula. Nani hapa ameraruliwa?"

Jibu likatoka nyuma ya pazia, kwa bi harusi, ambaye mila ilimtaka asitoe sauti siku hiyo.

"Wewe, mjomba. Chui wa simu humrarua aliyemtuma."